Jinsi Nchi Inavyoanza Kusimama Tena Baada ya Mauaji ya Kimbari: Mafunzo ya Rwanda kwa Vyama vya Ushirika



Masomo yetu katika kurasa hizi kwa kawaida huhusu mizani, leja, hisa na mkutano mkuu. Safari hii tunalo somo zito zaidi, nalo limetayarishwa ili Katibu alisome kwa sauti mbele ya wanachama, kisha lijadiliwe. Huenda mwanachama akauliza: mauaji ya kimbari yana uhusiano gani na chama cha wakulima? Jibu letu ni kwamba uhusiano upo, tena ni wa karibu. Ushirika ni watu kuaminiana kiasi cha kumkabidhi mwenzao mazao na fedha zao. Mauaji ya kimbari ni kuvunjwa kwa uaminifu huo mpaka mwisho wake, jirani akamwua jirani. Kwa hiyo anayetaka kujua jinsi uaminifu unavyojengwa hana budi kutazama mahali ulipovunjika kabisa, kisha watu wakalazimika kuishi tena katika kijiji kilekile.

Mahali hapo ni Rwanda, nchi jirani. Wakazi wa Ngara hawahitaji kuelezwa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kabla ya mwezi kwisha. Wakati huohuo Mto Kagera ulikuwa ukizileta maiti hadi Ziwa Viktoria.

1. YALIYOTOKEA, NA KALAMU ILIYOYATAYARISHA

Mauaji hayo yalianza tarehe 7 Aprili 1994, siku moja baada ya ndege ya Rais Juvénal Habyarimana kutunguliwa Kigali, yakaendelea kwa muda wa siku 100 hivi. Waliokusudiwa kuangamizwa ni Watutsi, wanaume, wanawake na watoto. Pamoja nao waliuawa Wahutu waliopinga mauaji au waliowaficha jirani zao. Umoja wa Mataifa hutaja idadi ya zaidi ya watu 800,000, na Serikali ya Rwanda hutaja zaidi ya milioni 1, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 7.

Yafaa wanaushirika waelewe kwamba jambo hili halikuwa ghadhabu ya ghafla. Lilitanguliwa na kazi ya ofisi. Tangu miaka ya 1930, chini ya utawala wa Ubelgiji, kila Mnyarwanda alipewa kitambulisho kilichoandikwa kabila lake, na Serikali za baada ya uhuru ziliendelea na desturi hiyo. Ofisi za wilaya ndogo, zilizoitwa komuni, zilitunza daftari za wakazi zenye kuonyesha nani ni nani na anakaa wapi. Kabla ya Aprili 1994 orodha za watu wa kuuawa zilikwisha kuandikwa. Katika vizuizi vya barabarani kitambulisho ndicho kilichoamua nani apite na nani afe. Redio iliyoitwa RTLM, iliyoanza mwaka 1993, iliwaita Watutsi mende, na wakati wa mauaji ilitaja majina ya watu na mahali walikojificha.

Viongozi wa mahali walikuwa na uzito mkubwa. Mkuu wa mkoa wa Butare, Jean-Baptiste Habyalimana, alizuia mauaji mkoani mwake kwa muda wa majuma mawili hivi. Aliondolewa kazini, na tarehe 19 Aprili 1994 Rais wa Serikali ya muda, Théodore Sindikubwabo, akaja Butare akahutubia. Mauaji makubwa yakaanza mara, na mkuu huyo wa mkoa naye aliuawa baadaye. Katika komuni ya Taba, kiongozi wake Jean-Paul Akayesu alizuia mauaji kwa siku kadhaa. Baada ya mkutano wa tarehe 18 Aprili na wakuu wa Serikali hiyo ya muda, aligeuka akawa upande wa wauaji. Watu wa mahali pamoja, katika mwezi mmoja, waliishi au walikufa kwa kutegemea kiongozi wao aliamua nini.

2. HALI YA NCHI MWEZI JULAI 1994

Majeshi ya Rwandan Patriotic Front (RPF) yaliingia Kigali tarehe 4 Julai 1994, na Serikali mpya ikaapishwa tarehe 19 Julai. Serikali hiyo ilikuta hazina tupu, mashamba yaliyojaa magugu, shule zisizo na walimu, na makanisa yaliyojaa maiti, kama yale ya Nyamata na Ntarama. Majaji na mawakili wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia. Wakimbizi wapatao milioni 2 walikuwa Zaire, Tanzania na Burundi, na miongoni mwao walikuwamo wauaji pamoja na watu wasio na hatia. Kutoka upande mwingine walirejea mamia ya maelfu ya Watutsi waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959, pamoja na watoto wao waliozaliwa ugenini.

Kwa hiyo katika kilima kimoja aliweza kukutwa mjane aliyeuliwa mume na watoto. Mwanamke ambaye mumewe yumo gerezani kwa tuhuma za kuua. Mtu aliyerudi baada ya miaka 35 akitafuta shamba la babaye. Na yatima mkubwa anayewalea wadogo zake. Wote walihitaji chakula, na wote walihitaji kuteka maji katika kisima kimoja. Huo ndio mwanzo wa somo letu. Kujenga nchi upya hakukuanza kwa watu kupendana. Kulianza kwa watu ambao hawakuwa na mahali pengine pa kwenda.

3. HATUA YA KWANZA: KUBADILI DAFTARI

Miongoni mwa mambo ya awali yaliyofanywa ni kuondoa kabila katika vitambulisho. Jambo hili laonekana dogo, lakini kwa mtu aliyepita vizuizi vya mwaka 1994 halikuwa dogo hata kidogo. Maana yake ni kwamba Serikali imeacha kuuliza swali ambalo jibu lake lilikuwa kifo.

Pamoja na hayo, manusura walianza kujipanga wenyewe. Mwezi Januari 1995 wajane waliunda chama chao, AVEGA, na mwaka huohuo kikaundwa Ibuka, chama cha kuviunganisha vyama vya manusura. Neno hilo maana yake ni “kumbuka”. Kazi yao ya mwanzo ilikuwa ya kuhesabu: nani aliuawa, wapi, amezikwa wapi, nani amebaki, naye anahitaji nini. Mwaka 1998 ukaanzishwa mfuko wa taifa wa kuwasaidia manusura walio maskini kwa karo za shule, matibabu na nyumba.

Katibu yeyote ataelewa thamani ya kazi hiyo. Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Rwanda imeonyesha kwamba hata watu bila daftari hupotea bila habari. Familia nzima ikiuawa, hapabaki mtu wa kusema kwamba ilikuwapo, ila jirani akubali kusema na mwandishi akubali kuandika.

4. HATUA YA PILI: HAKI

Haki ilitafutwa kwa njia tatu, nazo yafaa zitofautishwe.

(a) Mahakama ya kimataifa. Tarehe 8 Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, na makao yake yakawa Arusha. Tarehe 2 Septemba 1998 Mahakama hiyo ilimtia hatiani Akayesu wa Taba, naye akawa mtu wa kwanza kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Hukumu hiyo pia ilitamka kwamba ubakaji, ukifanywa kwa nia ya kuangamiza kundi la watu, ni sehemu ya kosa hilo. Siku mbili baadaye Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Serikali ya muda na aliyekiri kosa, alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2003 waanzilishi wa RTLM na mwenye gazeti la uchochezi nao walitiwa hatiani. Mahakama ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, ilikuwa imewashtaki watu 93, ambao 62 kati yao walihukumiwa adhabu na 14 waliachiwa huru. Ilifanya kazi muhimu ya kuwafikia wakubwa. Lakini mjane wa kilimani hakuweza kufika Arusha kusikiliza.

(b) Mahakama za kawaida za nchi. Hizi zilianza kusikiliza kesi za mauaji ya kimbari mwezi Desemba 1996. Mwezi Aprili 1998 watu 22 walipigwa risasi hadharani kwa hukumu zao. Baadaye, mwaka 2007, Rwanda ilifuta kabisa adhabu ya kifo. Shida kubwa ilikuwa wingi wa watuhumiwa. Magerezani walijaa watu wapatao 120,000, na wengi walikufa humo kabla ya kusikilizwa. Ilikadiriwa kwamba kwa mwendo ule kesi zingechukua zaidi ya miaka 100.

(c) Gacaca. Neno hili hutamkwa “gachacha”, nalo hutokana na majani ambapo wazee walikaa kuamua ugomvi wa mashamba na mifugo. Kwa sheria ya mwaka 2001 baraza hilo la zamani lilifanywa mahakama ya kesi za mauaji ya kimbari, ingawa wapangaji wakuu walibaki katika mahakama nyingine. Zilianzishwa mahakama zipatazo 12,000. Waamuzi walichaguliwa na wananchi, hawakuwa na mshahara, nao waliitwa inyangamugayo, yaani watu waadilifu wachukiao aibu. Aliyekiri kwa ukweli, akaonyesha miili ilipotupwa na kuwataja wenzake, alipunguziwa adhabu, na sehemu ya kifungo aliweza kuitumikia kwa kazi za umma kama kujenga barabara na nyumba.

Kabla ya kuhukumu, kila baraza lilitakiwa kuandika orodha: walioishi mahali pale kabla ya tarehe 6 Aprili 1994, waliouawa, mali zilizoharibiwa au kuporwa, na wanaotuhumiwa. Tafadhali Ndugu Katibu, simama kidogo hapa. Mwaka 1994 orodha ziliandikwa kwa siri ili watu wafe. Miaka kumi baadaye, katika vilima vilevile, orodha ziliandikwa hadharani, mbele ya wote, ili waliokufa wajulikane.

Mahakama za Gacaca zilifungwa tarehe 18 Juni 2012, zikiwa zimesikiliza kesi 1,958,634 zilizowahusu watu wapatao milioni 1. Zaidi ya milioni 1.3 kati ya kesi hizo zilihusu mali: ng’ombe waliochinjwa, mabati yaliyong’olewa, milango, mazao. Jambo hili latufundisha kwamba katika uovu mkubwa hujificha wizi wa kawaida, na kwamba wengi waliingia katika maovu yale kwa tamaa ya kiwanja cha jirani.

Si haki kueleza mema tu. Katika Gacaca mtuhumiwa hakuwa na wakili. Waamuzi hawakuwa na elimu ya sheria, na baadhi yao walipokea rushwa. Mashahidi walitishwa na wengine waliuawa. Wapo waliosingiziwa kwa chuki au kwa ajili ya shamba, na wapo waliokiri nusu ili watoke gerezani. Tena, raia waliouawa na askari wa upande ulioshinda vita hawakuwa na nafasi katika mabaraza hayo, na ndugu zao hulitaja jambo hilo mpaka leo. Hata hivyo, palipokuwa na ukimya palisemwa mengi, na maelfu ya watu walionyeshwa kwa mara ya kwanza mahali walipotupwa wapendwa wao, wakawazika.

5. HATUA YA TATU: ARDHI, WAJANE NA YATIMA

Katika nchi yenye watu wengi na mashamba madogo, swali la “hili ni la nani?” laweza kuwasha moto tena. Mkataba wa Arusha wa mwaka 1993 ulishauri kwamba mkimbizi aliyekuwa nje kwa zaidi ya miaka 10 asidai shamba lililokwisha kukaliwa na mwingine. Baada ya mwaka 1994 shauri hilo lilikuwa gumu kutekelezwa, na katika sehemu za mashariki familia ziliamriwa kugawana shamba moja nusu kwa nusu. Wengine walikubali, wengine walinung’unika na wangali wakinung’unika.

Mabadiliko makubwa zaidi yaliwahusu wanawake. Desturi ilimnyima binti urithi wa shamba, na mjane aliishi kwa hisani ya ndugu wa mume. Baada ya mauaji, kaya nyingi zilibaki na wanawake peke yao; desturi hiyo ikawa kama hukumu ya njaa. Sheria ya mwaka 1999 iliwapa watoto wa kike haki ya kurithi sawa na wa kiume, na ikatambua haki ya mke katika mali ya ndoa. Katiba ya mwaka 2003 ilitaka wanawake wawe si chini ya asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi, na katika uchaguzi wa mwaka 2008 walipata zaidi ya nusu ya viti vya Bunge, jambo ambalo halijapata kutokea duniani kabla ya hapo. Tangu mwaka 2009 ukafanyika upimaji wa vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10, na hati zikaandikwa majina ya mume na mke pamoja.

6. HATUA YA NNE: KAZI YA PAMOJA YENYE HESABU WAZI

Sasa tumefika katika ushirika wenyewe. Tutatumia mfano wa kahawa ya Maraba, kusini mwa Rwanda, karibu na mji wa Butare ambao sasa huitwa Huye. Yaani ndani ya mkoa uleule uliotajwa hapo juu.

Kabla ya vita mkulima wa Rwanda alilazimishwa kulima kahawa, na kung’oa mibuni lilikuwa kosa la kisheria. Bei iliporomoka mwaka 1989, mkataba wa kahawa wa kimataifa ulipovunjika, na umaskini uliofuata uliwapa wachochezi vijana wengi wasio na kazi. Mkulima alimenya kahawa nyumbani kwa mkono, akaianika apendavyo, akaiuza kwa mchuuzi kwa bei ya chini, nzuri na mbaya bila tofauti.

Mwaka 1999 wakulima 220 wa Maraba waliunda chama wakakiita Abahuzamugambi, yaani watu waliounganisha nia kwa lengo moja. Miongoni mwao walikuwamo watu waliouliwa jamaa zao, na wanawake ambao waume zao walikuwa gerezani wakingoja Gacaca. Hawakuungana kwa sababu walikwisha kusameheana. Waliungana kwa sababu kila mmoja peke yake aliibiwa na mchuuzi. Mwaka 2001, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Butare na wafadhili wa Marekani, walijenga kiwanda chao cha kwanza cha kumenya na kuosha kahawa. Msimu wa kwanza ulitoa kidogo sana. Lakini mwaka 2003 kahawa ya Maraba ilikuwa ikiuzwa kwa jina lake katika maduka ya Uingereza, na katika miaka michache wanachama walizidi 1,000. Viwanda vya namna hiyo, vilivyokuwa vichache mno mwaka 2000, vilizidi 100 nchini kote kufikia mwaka 2010.

Wanachama wenye mibuni wanaujua utaratibu. Kahawa mbivu haingoji. Ikichumwa asubuhi, ni lazima ifike kiwandani siku hiyohiyo. Hutumbukizwa majini, mbovu zikaelea na kuondolewa. Humenywa, huvundikwa, huoshwa, kisha huanikwa juu ya meza ndefu, na wanawake huichambua kwa mkono saa nyingi. Kazi hii ina mambo matatu yenye mafunzo.

Kwanza, ni mizani. Mizani haiulizi baba yako alikuwa nani. Kilo kumi za mjane na kilo kumi za mke wa mfungwa huandikwa bei moja, na kila mmoja huona sindano ya mizani kwa macho yake.

Pili, ni ubora wa pamoja. Mtu mmoja akichanganya mbichi na mbivu, kahawa ya wote hushuka daraja. Kwa hiyo mtu hulazimika kutaka jirani yake afanikiwe, hata kama moyoni bado hampendi.

Tatu, ni meza ya kuchambulia. Watu wanaokaa meza moja msimu mzima hawawezi kunyamaziana daima. Huanza kwa kuombana maji, kisha huulizana habari za watoto wagonjwa. Watafiti waliowahoji wakulima na wafanyakazi wa viwanda hivyo walieleza kwamba penye mapato bora na kufanya kazi pamoja kwa muda mrefu, chuki na kutengana kwa makundi vilionekana kupungua.

Mifano mingine ya aina hii ipo. Mwaka 2006 ulianza mpango wa Girinka, ambao humpa maskini ng’ombe, naye hutakiwa kumpa jirani mtamba wa kwanza anayezaliwa. Ni kama utaratibu wetu wa kopa ng’ombe, lipa ng’ombe. Mwaka 2009 ilianza kazi ya kufungua chama cha akiba na mikopo katika kila tarafa, na vyama 416 vikaanzishwa. Vyama vingine viliangushwa na madeni na wizi wa viongozi, kama ilivyotokea kwingineko. Sheria ya ushirika ya mwaka 2007 na shirika la kusajili na kukagua vyama, lililoundwa mwaka 2008, vilikusudiwa kutibu ugonjwa huo.

7. MAMBO AMBAYO HAYAJAKWISHA

Mwanachama asidhani kwamba tunasimulia hadithi iliyokwisha salama. Mwaka 2018, miaka 24 baada ya mauaji, makaburi ya halaiki yenye maelfu ya miili yalifunuliwa karibu na Kigali, katika mahali ambapo watu walikuwa wakiishi kila siku juu yake. Wapo majirani waliojua wakanyamaza. Vita viliingia Zaire mwaka 1996, na wakimbizi na wenyeji wengi waliuawa huko. Machafuko ya mashariki ya Kongo yana mizizi katika mambo hayo. Ndani ya Rwanda kwenyewe wapo wasemao kwamba sheria dhidi ya uchochezi zimetumika pia kuwanyamazisha wakosoaji wa Serikali. Nayo kazi ya pamoja, iitwayo umuganda, ilitumika vibaya wakati wa mauaji, ambapo kuua kuliitwa “kufanya kazi”. Kwa hiyo kukusanyika peke yake si wema. Watu wanaweza kukusanyika kwa uovu. Kinachotofautisha ni shabaha yao, na kama mtu ana uhuru wa kusema “hapana” na kuendelea kuishi.

Na jambo moja tusilisahau: msamaha. Nchi yaweza kutoa hukumu, fidia, ardhi na kazi. Haiwezi kutoa msamaha, kwa kuwa msamaha ni mali ya aliyetendewa. Wapo manusura waliosamehe, na wapo waliosema kwamba hawawezi, nao huishi kwa amani na jirani zao bila kusamehe. Kuwahimiza hao kwa amri ni kuwadai kile ambacho wao ndio wanaodai.

8. MAFUNZO KWA VYAMA VYETU

(a) Daftari la wanachama liandikwe yale tu yanayohitajika kwa kazi ya chama: jina, kijiji, hisa, mazao, mrithi. Kabila na dini havina safu humo. Mtu akija kumwomba Katibu orodha ya wanachama kwa kazi isiyoeleweka, asipewe. Apelekwe mbele ya Halmashauri.

(b) Mizani iwe mahali pa wazi, na stakabadhi itolewe papo hapo. Uaminifu huzaliwa na mambo ambayo mtu aweza kuyakagua mwenyewe.

(c) Malalamiko yasikilizwe mbele ya wanachama na kuandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Lakini anayetuhumiwa apewe nafasi kamili ya kujitetea, na mwenye ugomvi naye asikae katika kiti cha kumhukumu.

(d) Mjane asipoteze hisa wala mibuni kwa sababu mume amefariki. Majina ya wanawake yaandikwe kama wanachama, si kama wake wa wanachama.

(e) Mwenyekiti asiruhusu kundi lolote la watu kuitwa kwa jina la mdudu au mnyama katika mkutano, hata kwa mzaha. Neno likipita bila kukemewa mara ya kwanza, mara ya pili hupita kwa urahisi zaidi.

(f) Chama kisingoje wanachama wapendane ndipo kianze kazi. Kianze na hesabu safi. Mengine yatafuata, au yasipofuata, angalau hakuna atakayekuwa ameibiwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, daftari la chama chetu lina jambo lolote lililoandikwa ambalo laweza kumdhuru mwanachama likiangukia mikono mibaya?
2. Mkuu wa Butare alikataa, kiongozi wa Taba akageuka. Katiba ya chama chetu inampa nguvu gani kiongozi anayetaka kukataa amri mbaya kutoka juu?
3. Ni wajane wangapi katika eneo letu ambao waume zao walikuwa wanachama? Hisa hizo ziko wapi sasa?
4. Ikiwa wanachama wawili wana uadui wa damu, chama kinaweza kufanya nini, na kisijaribu kufanya nini?

Makatibu wanaombwa kuandika majibu ya swali la tatu kwa majina na hesabu, na kuyasoma katika Mkutano Mkuu ujao. Hilo ndilo swali ambalo kila chama chaweza kuanza kulishughulikia kesho asubuhi.